Uchambuzi wa Kisa: Fyuzi ya Taa za Nyuma Iliyokataa Kudumu

Gari na historia yake

Gari linalozungumziwa hapa ni saluni ndogo ya Kijapani iliyotengenezwa katikati ya miaka ya 1990, ya usukani wa kulia. Liliingia nchini likiwa limeshatumika, na hadi lilipofika kwenye karakana yetu lilikuwa limepita mikononi mwa wamiliki wasiopungua watatu. Mmiliki wa sasa ni mwalimu anayeishi katika mji mmoja wa pwani, ambaye kila baada ya wiki chache huenda shambani mwendo wa saa mbili hivi, sehemu kubwa ya njia ikiwa ya vumbi na makorongo. Maelezo yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa, lakini mfuatano wa kazi, vipimo vyetu na makosa yetu nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Kabla ya kisa hiki, waya za gari hilo zilikuwa zimeguswa mara tatu na watu tofauti. Redio ya kiwandani ilitolewa ikawekwa nyingine. King'ora cha kuzuia wizi kilifungwa, kikaja kuharibika, kikaachwa humo humo ndani ya dashibodi kikiwa hakifanyi kazi. Halafu, miaka miwili hivi kabla ya fyuzi kuanza kukata, gari liligongwa nyuma upande wa kulia, likanyooshwa bodi na kupigwa rangi. Mwalimu alitutajia habari ya redio na king'ora siku ya kwanza. Ile ajali hakuitaja, kwa sababu hatukumuuliza, na yeye hakuwa na sababu ya kudhani kwamba bati lililonyooshwa lina uhusiano wowote na taa.

Shida ilivyoanza

Fyuzi iliyokuwa inakata ni ile iliyoandikwa TAIL kwenye boksi lililo chini ya dashibodi, upande wa dereva. Ni fyuzi ya ampea 10, ya rangi nyekundu, na inalinda taa ndogo za mbele, taa za nyuma, taa za namba pamoja na mwanga wa dashibodi. Balbu sita za wati 5 zilizo nje ya gari, zikijumlishwa na balbu ndogo za dashibodi, hutumia takriban wati 40, yaani ampea 3 na kidogo. Fyuzi hiyo ina uwezo wa mara tatu ya kazi inayoilinda. Kwa hiyo inapokata, hakuna haja ya kufikiria kwamba taa zimeizidi nguvu. Kuna mahali umeme umepata njia ya mkato kwenda kwenye bodi ya gari bila kupita kwenye balbu, yaani shoti.

Mwanzoni ilikata mara moja, ikabadilishwa, ikakaa zaidi ya mwezi. Ikakata tena, na tena, hadi mwalimu akawa anatembea na pakiti ya fyuzi kwenye sanduku la glavu. Usiku mmoja alisimamishwa na trafiki kwa kutokuwa na taa za nyuma, ndipo akaamua kulipeleka gari kwa fundi wa karibu na kwake. Fundi huyo aliweka fyuzi ya njano, ya ampea 20. Hiyo nayo ilipokata, alichukua nyuzi kadhaa za shaba, akazisokota, akazizungushia kwenye miguu ya fyuzi iliyoungua na kuirudisha mahali pake. Taa ziliwaka, na kwa wiki tatu hazikuzimika.

Jioni ya mwisho wa wiki ya tatu, wakiwa njiani kurudi mjini, mke wake alisikia harufu ya mpira unaoungua. Dakika moja baadaye moshi ulianza kutoka chini ya usukani. Mwalimu alizima gari, akafungua boneti na kuchomoa kichwa cha betri. Kitendo hicho ndicho kilichookoa gari, na huenda na wao. Kesho yake likaletwa kwetu likivutwa.

Siku lilipoletwa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutowasha kitu chochote. Betri ilikuwa imeshatenganishwa, nasi tuliiacha hivyo tukafungua plastiki za chini ya usukani ili tuone kwa macho. Waya wa kijani unaotoka kwenye fyuzi ile ulikuwa umeyeyuka gamba lake kwa urefu wa kama mita moja, na ulikuwa umegandana na waya nne jirani zake zilizofungwa pamoja kwa tepu. Shaba yake ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kukakamaa, ukiikunja inakatika.

Kijana anayejifunza kazi kwetu aliweka multimita, mita ya kupimia umeme, kwenye mlio, yaani hali ambayo hulia umeme ukipata njia nyepesi kati ya ncha zake mbili; ncha moja kwenye bodi na nyingine kwenye ule waya, sehemu inayoelekea nyuma ya gari. Mita ikalia. Akaniambia, "Fundi, shoti bado ipo, inalia hii." Nilimwonyesha kwamba balbu zote bado zilikuwa kwenye soketi zake. Balbu ya wati 5 ikiwa imewaka ina ukinzani, yaani kiasi inachouzuia umeme, wa takriban omu 29, lakini ikiwa baridi ukinzani huo ni kama sehemu moja ya kumi tu, yaani chini ya omu 3. Sita zikiwa zimeungwa sambamba hazifikishi hata nusu omu, na kwa mita iliyo kwenye mlio hiyo ni sawa na shoti kamili. Tulitoa balbu zote za nje, tukatenganisha plagi ya dashibodi, tukapima tena. Mita ikanyamaza.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea mimi mwenyewe. Mita iliponyamaza nilichukulia kwamba shoti ilikuwa pale pale kwenye fungu lililoyeyuka na kwamba tulipozitenganisha waya tumeiondoa. Kilichobaki, kwa mawazo yangu wakati huo, kilikuwa kutafuta tu nini kiliianzisha.

Mshtakiwa wa kwanza

Nyuma ya redio tulimkuta. Aliyefunga redio mpya alikuwa amekata waya wa mwanga wa redio ya zamani, ambao unatoka kwenye mkondo huu huu wa taa za nyuma, na kuuacha ukining'inia bila tepu, shaba yake wazi kwa kiasi cha ukucha, sentimita mbili kutoka kwenye chuma kinachoshikilia dashibodi. Gari likirukaruka, ule waya ungeweza kabisa kugusa chuma. Kila kitu kilionekana kupatana: kukata mara moja moja, kukata kwenye barabara mbovu, kukata gizani wakati taa zimewashwa.

Tuliufunga ule waya, tukabadilisha mita moja na ushee ya waya ulioungua pamoja na majirani zake wanne, tukalehemu viungo kwa risasi na kuvika kila kimoja mpira wake wa kubana kwa joto. Tukaondoa mabaki ya king'ora, ambayo hayakuhusika. Tukaweka fyuzi ya ampea 10. Niliweka mita mahali pa fyuzi nikasoma ampea 3.3 taa zote zikiwa zimewashwa, kipimo kinachokubaliana na hesabu ya balbu. Nililiendesha gari dakika ishirini kwenye barabara ya mtaani yenye mashimo, nikiwa peke yangu. Fyuzi ikabaki nzima. Tukamkabidhi mwalimu gari lake.

Gari linarudi

Baada ya siku tisa lilirudi. Fyuzi ilikuwa imekata tena wakitoka shambani. Safari hii hapakuwa na moshi wala harufu, kwa sababu fyuzi ilikuwa ya kipimo chake na ilifanya kazi yake, lakini kwa mwalimu hilo halikuwa faraja. Aliniuliza kwa upole swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Fundi, mlikuwa na uhakika gani kwamba ni ule waya wa redio?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeona waya unaoweza kugusa chuma. Sikuwa nimeona waya uliogusa.

Tuliketi, nikachukua daftari, nikamwomba anieleze kila mara anayokumbuka fyuzi ilipokata: siku gani, wapi, hali ya hewa, nani alikuwa ndani, wamebeba nini. Alikumbuka mara sita. Alikuwa anaamini kwamba ni barabara ya shambani inayoleta matatizo, na mara tano kati ya hizo sita zilikuwa kweli safari za kutoka huko. Mkewe, aliyekuwa amekaa kimya kwenye benchi, ndiye aliyemsahihisha. "Baba, lakini tukienda haikati. Inakata tukirudi tu. Na ile siku ya mtungi wa gesi hatukwenda shamba."

Maneno hayo yalibadilisha kazi nzima. Barabara ya kwenda ni ile ile ya kurudi. Kinachotofautiana ni kwamba kwenda buti ni tupu, na kurudi buti limejaa mihogo, nazi na madumu. Na ile mara ya sita, fyuzi ilikata mjini kwenye lami, siku waliyopeleka mtungi wa gesi kubadilisha, mtungi ukiwa umelazwa pembeni mwa buti. Niliuliza upande gani. Kulia, kwa sababu kushoto kuna gurudumu la akiba lililosimamishwa na halina nafasi. Kisha nikauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza: je, gari hili limewahi kugongwa?

Jinsi tulivyoitafuta shoti

Sikutaka tena kufungua gari nikitafuta kitu kinachofanana na kosa. Nilitaka shoti itokee mbele ya macho yetu, itokee tunapotaka, na iondoke tunapotaka. Kwa kazi hiyo fyuzi haifai, maana ikikata mara moja ushahidi umekwisha, na unabaki kuchoma fyuzi moja baada ya nyingine bila kujifunza chochote.

Tulitoa balbu zote sita za nje. Mahali pa fyuzi tukaunganisha balbu ya taa kubwa ya mbele, upande wake wa wati 55, kwa waya mbili zenye vibanio. Mpangilio huu unafanya mambo mawili kwa pamoja. Shoti ikiwepo, balbu inapata volti zote 12 na kuwaka kwa nguvu zake zote. Shoti ikiondoka, inazimika. Na kwa kuwa balbu yenyewe ndiyo inayobana umeme, hata shoti iwe kamili kiasi gani, waya haupitishi zaidi ya ampea 4 na nusu hivi, kiwango ambacho unaweza kukiacha kwa muda bila kuuchosha. Balbu ndogo za dashibodi tuliziacha mahali pake, kwa sababu ampea moja wanayoivuta kwa jumla haitoshi kuifanya balbu ya wati 55 ing'ae.

Tukawasha swichi ya taa. Balbu yetu ikabaki giza, kama tulivyotarajia, kwa sababu buti lilikuwa tupu. Tulitikisa fungu la waya chini ya dashibodi, hakuna kitu. Tukaukunjua na kuuvuta ule waya wa redio, hakuna kitu. Tukafungua na kufunga kifuniko cha buti mara kadhaa, maana kwenye bawaba za buti ndipo waya hupasuka mara nyingi kwa kukunjwa miaka nenda rudi, na hapo pia hakuna kitu. Kisha kijana wetu alijaza maji dumu la lita 20, akaliweka kwenye buti upande wa kulia na kulisukuma ubavuni. Balbu ikawaka, nyeupe, ghafla, kama mtu aliyebonyeza swichi. Akaliondoa dumu, ikazimika. Akalirudisha, ikawaka.

Wengi wangefungua plastiki ya buti hapo hapo, na huenda sisi pia tungefanya hivyo siku nyingine. Lakini nilihofia kwamba tukiifungua, kinachobanwa kitaachiliwa, na tutabaki tena na gari lisilo na kosa lolote. Kwa hiyo tuliliacha dumu likibana, tukaifuatilia shoti kutoka nje kwa dira ndogo, ile ya sindano inayouzwa kwa wanafunzi. Umeme ukipita kwenye waya huzungukwa na sumaku; ampea 4 na nusu, kwa umbali wa sentimita mbili, hutoa sumaku inayoshindana na ile ya dunia inayoielekeza sindano. Tatizo ni kwamba bodi ya gari ni chuma na inaivuruga sindano yenyewe, hivyo huwezi kujua kama imegeuka kwa sababu ya waya au kwa sababu ya bati. Dawa yake ni kuufanya umeme upige na kukata. Tuliunganisha flasha ya zamani ya indiketa kwa mfululizo na ile balbu, ikaanza kuwaka na kuzima, na sindano ya dira nayo ikaanza kucheza kwa mdundo huo huo popote waya ulipokuwa unapitisha umeme.

Tuliiweka kwenye kizingiti cha mlango wa dereva, sindano ikacheza. Kizingiti cha mlango wa nyuma, ikacheza. Juu ya bati la gurudumu, baada ya kutoa kiti cha nyuma, ikacheza. Kwenye kona ya kulia ya buti, nje ya plastiki, ikacheza sana. Kisha tukaisogeza mbele kwenye tawi linalovuka kwenda taa ya kushoto, ikatulia kimya. Tukairudisha sentimita kwa sentimita kuelekea kulia hadi ilipoanza kucheza tena, na pale tukaweka alama kwa chaki. Upande mmoja wa chaki umeme ulikuwa unapita, upande wa pili haukuwepo. Kati ya hapo ndipo ulipokuwa unatoroka.

Tulichokikuta

Plastiki ilipotolewa, shoti ilikuwa vidole viwili kutoka kwenye alama ya chaki. Waliponyoosha bodi walikata kipande cha bati la ndani, wakalehemu kingine, na ukingo wa kipande hicho kipya haukukunjwa wala kuvikwa mpira. Klipu mbili za kushikilia waya hazikurudishwa. Fungu la waya lilikuwa limelazwa tu juu ya ukingo ule, na plastiki ya buti ikafungwa juu yake. Kwa miaka miwili, kila mzigo uliosukuma plastiki ulilisugua fungu kwenye bati, hadi tepu ikaisha, gamba la waya wa kijani likaisha, na shaba ikaanza kuonana na chuma.

Na hapa ndipo palipokuwa na ushahidi ambao haukuwepo nyuma ya redio. Kwenye ukingo wa bati palikuwa na alama nyeusi yenye kishimo, na kwenye shaba ya waya palikuwa na punje iliyoyeyuka na kuganda, ndogo kama mbegu ya ulezi. Hiyo ni alama ya cheche. Rangi pembeni yake ilikuwa imebabuka, na kutu ilikuwa imeshaanza, kama kawaida ya pwani.

Matengenezo na majaribio

Tulikata sehemu iliyoumia, tukaunga waya mpya kwa risasi, tukauvika mpira wa joto, kisha tukalifunga fungu zima kwa tepu ya kitambaa, ambayo huvumilia msuguano kuliko ile ya plastiki. Ukingo wa bati tuliupiga tupa, tukausafisha kutu, tukaupaka rangi, na baada ya kukauka tukauvika bomba la mpira lililopasuliwa katikati. Fungu la waya tulilihamisha kabisa kutoka kwenye ukingo na kulishika kwa klipu kwenye njia yake ya asili, tukiangalia upande wa kushoto ambao haukugongwa ili kujua kiwanda kililipitisha wapi.

Balbu ya wati 55 tuliirudisha mahali pa fyuzi kabla ya kufunga plastiki. Dumu lile lile, mahali pale pale: giza. Madumu mawili: giza. Kijana wetu aliupiga ubavu wa plastiki kwa ngumi: giza. Hapo ndipo tulipoziweka balbu za nje, tukaweka fyuzi nyekundu, tukapakia madumu matatu ya maji na kuliendesha gari kwenye barabara mbovu kwa saa nzima taa zikiwa zimewashwa. Gari lilipita masika yote na safari za shambani zisizohesabika, na miezi sita baadaye lilipokuja kwa kazi nyingine fyuzi ilikuwa ile ile tuliyoiweka.

Uchambuzi

Kosa kubwa katika kisa hiki ni zile nyuzi za shaba. Waya wa milimita ya mraba 0.5 una ukinzani wa kama omu 0.035 kwa kila mita. Kutoka boksi la fyuzi hadi kona ya buti ni takriban mita 5, kwa hiyo njia nzima haifiki omu 0.2, na betri iliyo nzima inaweza kusukuma humo makumi ya ampea. Tuseme ni 50 tu: kila mita ya waya inazalisha joto la wati 87 hivi, zaidi ya balbu ya taa kubwa ya mbele, likiwa limefungiwa ndani ya tepu na zulia. Fyuzi nyekundu ingekata kabla joto hilo halijajengeka. Nyuzi zilizosokotwa kwa mkono hakuna anayejua zitakatika kwa ampea ngapi, na zilipokuwa hazijakatika, waya ndio uliogeuka kuwa fyuzi. Ninaelewa kwa nini fundi alifanya vile. Mteja amesimama, giza linaingia, na anataka taa. Hata hivyo nalisema bila kuficha kwamba familia ile ilikuwa dakika chache kutoka kuungua barabarani, na kwamba mteja ni afadhali aondoke bila taa mchana kuliko aondoke na taa za namna ile usiku.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba palipoungua ndipo penye shoti. Umeme ule ule ulipita katika waya wote, kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye bati la buti. Uliungua chini ya dashibodi kwa sababu pale ndipo ulipokuwa umebanwa katikati ya waya nyingi na hauna hewa ya kuupoza, wakati kwenye kizingiti ulikuwa umelala peke yake juu ya chuma kinachonyonya joto. Mahali palipoyeyuka hutuonyesha waya upi ulipitisha umeme mwingi. Hapatuonyeshi umeme huo ulikuwa unakwenda wapi.

Kosa la pili ni mshtakiwa wa nyuma ya redio. Lilikuwa kosa halisi la ufundi, na kulirekebisha lilikuwa sahihi, ila tulilihukumu kwa jambo ambalo halikulifanya. Shoti inayokata fyuzi ya ampea 10, na baadaye ya 20, haiwezi kugusa chuma mara kwa mara bila kuacha doa, kishimo au punje ya shaba. Kile chuma cha dashibodi kilikuwa safi kama kilivyotoka kiwandani, na nilikitazama kwa macho yangu bila kukiuliza chochote. Gari kuukuu lina waya wazi nyingi, viungo vilivyolegea vingi, tepu zilizoachia nyingi. Ukitafuta kosa utalipata tu. Tangu kisa hiki, katika karakana yetu, kazi ya shoti haifungwi mpaka fundi aweze kuiwasha na kuizima shoti hiyo mbele ya mwenzake, na baada ya matengenezo ashindwe kuiwasha kwa njia ile ile.

Jaribio letu la dakika ishirini nalo halikuwa jaribio. Niliendesha gari tupu, nikiwa peke yangu, wakati gari hilo halikuwahi kukata fyuzi likiwa tupu. Nilijaribu barabara, nisijaribu mzigo, kwa sababu sikujua kwamba mzigo ndio uliokuwa unaisababisha. Na sikujua kwa sababu sikuuliza. Maelezo ya dakika kumi kutoka kwa watu wawili waliokuwa ndani ya gari yalitufikisha kwenye kona ya kulia ya buti kabla hatujashika spana yoyote, na aliyetoa neno lenye uzito zaidi alikuwa yule ambaye siku ya kwanza hatukumsemesha kabisa. Sasa tunaandika mambo hayo kwenye karatasi ya kazi: ilikata lini, gari lilikuwa limebeba nini na upande gani, nani alikuwa ndani, limewahi kugongwa wapi.

Kilichofanya kazi vizuri kinaelezeka kwa maneno machache zaidi. Kurudisha fyuzi ya kipimo chake siku ya kwanza kulifanya kosa letu liishie kwenye fyuzi moja iliyokatika badala ya moto wa pili. Balbu badala ya fyuzi ilitupa muda wa kufikiri shoti ikiwa bado ipo. Dira na flasha vilituwezesha kuifuata bila kuivuruga, ingawa nakiri kwamba katika gari hili, baada ya dumu kuwasha balbu, tungefika hata bila dira. Thamani yake ni kubwa zaidi shoti inapokuwa katikati ya njia, chini ya zulia, mahali ambapo hakuna dumu linaloweza kuibana.

Limebaki suala moja ambalo mafundi wenzangu hawakukubaliana nami, na sidai kwamba nina haki zaidi yao. Waya wa kijani kati ya dashibodi na buti ulipitisha umeme mkubwa siku ile ya moshi. Wengine walitaka ubadilishwe wote. Mimi nilifungua sehemu tatu kwenye kizingiti, nikaukunja waya na kuliminya gamba kwa kucha. Lilikuwa laini, halikupasuka wala kubadilika rangi, na sehemu ngumu ilikuwa imeshakatwa chini ya dashibodi. Kuubadilisha wote kungemaanisha kulivunja fungu zima ambalo kiwanda kililifunga vizuri, na kuongeza viungo vipya mahali ambapo hapakuwa na kiungo. Nilimweleza mwalimu pande zote mbili, akachagua kuuacha, nami nikaandika kwenye karatasi yake kwamba sehemu zile tatu zifunguliwe na kutazamwa kila anapoleta gari. Miezi sita baadaye tulizifungua, na gamba lilikuwa bado laini.